Maji ya Mama Mjamzito: Kujikinga na Homa ya Ini ya E Nairobi

Mama mjamzito akiamka na macho ya njano, asingoje kesho. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama anajisikia na nguvu za kufua nguo na kumpeleka mtoto shule. Asipitie kwanza kwenye kemisti kununua dawa, asisubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kitabu chake cha kliniki, wala asikubali kuambiwa kwamba huo ni uchovu wa mimba. Nimeanza na neno hili ili msomaji ambaye ataishia hapa aondoke nalo.

Ugonjwa ninaouhofia ni homa ya ini ya aina E. Watu wengi huwachosha kwa muda wa wiki moja hadi sita, kisha ukaondoka wenyewe. Watoto wengi huupata bila hata mzazi kujua. Kwa mwanamke aliye katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito, mambo ni mengine kabisa. Ini lake linaweza kushindwa kazi ndani ya siku chache, damu ikakosa kuganda, na uchungu ukamjia kabla ya wakati. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba kati ya wanawake wanaoambukizwa katika kipindi hicho, wanaofariki wanaweza kufikia asilimia 20 hadi 25. Huyo ni mmoja kati ya wanne au watano, na mara nyingi mtoto naye hupotea.

Wengi wetu Nairobi tukisikia homa ya ini tunawaza aina ya B, ile inayopitia kwenye damu na ngono, ambayo watoto wetu huchanjwa wakiwa wachanga. Ndiyo maana mtu mzima aliyelipia chanjo ya B kazini huamini kwamba ini lake limekingwa. Chanjo hiyo haina kazi yoyote mbele ya E. Virusi vya E hutoka kwenye kinyesi cha mtu aliyeambukizwa na kuingia kinywani mwa mtu mwingine, na njia yake kuu ni maji ya kunywa. Kwa hiyo kinga yake iko jikoni, chooni na kwenye tangi la maji.

Hapa Kenya tumeuona. Mwaka 2012 ulizuka katika kambi za wakimbizi za Dadaab, ukawapata watu zaidi ya 300 katika miezi michache, na akina mama waliokuwa wametoka tu kujifungua wakawa miongoni mwa waliofariki. Jirani zetu wa kaskazini mwa Uganda waliuona mkubwa zaidi: ulianza Oktoba 2007 wilayani Kitgum, ukaenea kambini hadi watu zaidi ya 10,000 wakaugua. Kuna wanaosoma habari hizo na kujiambia kwamba huo ni ugonjwa wa kambini, mji una mabomba. Windhoek, mji mkuu wa Namibia, una mabomba pia. Mwishoni mwa 2017 ugonjwa ulianzia huko katika mitaa ya mabati ya Havana na Goreangab, ukasambaa nchini hadi wagonjwa wakapita 8,000, na sehemu kubwa ya waliofariki wakawa wajawazito na wanawake waliotoka tu kujifungua.

Mfano unaonikaa moyoni zaidi ni wa zamani. Delhi, mwishoni mwa mwaka 1955, mafuriko yalikuwa yamehamisha mkondo wa Mto Yamuna, na maji taka ya mji yakarudi hadi pale mji ulipovutia maji yake ya kunywa. Waliosimamia mitambo walizidisha klorini. Hatua hiyo ilisaidia, kwani taifodi haikuongezeka. Lakini virusi vilipita. Katika muda wa wiki chache karibu watu 29,000 waligeuka macho ya njano, wakiwemo watu waliofungua mfereji ndani ya nyumba zao nzuri. Miongo kadhaa baadaye ndipo wataalamu walipothibitisha kwamba ule ulikuwa ugonjwa wa E.

Sasa tutazame maji yetu. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, kule Murang'a, yakasafishwa katika mtambo wa Ng'ethu na kuteremshwa hadi matangi makuu ya jiji, kama yale ya Gigiri na Kabete. Mengine hutoka Sasumua, Ruiru na chemchemi za Kikuyu. Yanapotoka mtambo wa kusafishia sina shaka nayo. Wasiwasi wangu ni kilomita za mwisho. Jiji lina mgao: mtaa hupata maji siku mbili, kisha hukaa siku kadhaa mifereji ikiwa mikavu. Bomba lenye maji yenye nguvu husukuma nje kila kitu hata kama limepasuka. Bomba tupu hufyonza. Kama limelala kwenye mtaro wa maji taka, au limepita karibu na shimo la choo, hunyonya kilicho pembeni yake, na maji yakirudi siku ya mgao, yale ya kwanza kabisa hubeba kilichoingia.

Ukipita Kangemi au Kawangware, utaiona hali hiyo bila kufunuliwa chochote. Mabomba membamba ya plastiki, mengine yameungwa na watu kwa mikono yao, yamelala ndani ya mitaro ile ile inayopokea maji ya vyoo na bafu za ploti. Anayenunua mtungi wa lita 20 kwa mchuuzi wa mkokoteni hajui maji yamepita wapi, na mara nyingi mchuuzi mwenyewe hajui. Mvua kubwa zikija, kama zile za Machi hadi Mei 2024, vyoo vya shimo hufurika na maji ya mvua huchanganya kila kitu.

Wa Kilimani, Lavington, Kileleshwa na Westlands wasijione wako nje ya habari hii. Ghorofa zimepanda pale palipokuwa na nyumba moja yenye bustani, na mabomba ya maji taka yanalemewa hadi kufurika barabarani. Maji ya kunywa yanahifadhiwa kwenye tangi la chini ya ardhi, pengine hatua chache kutoka kwenye shimo la septiki. Tangi likipata ufa, mkazi wa orofa ya nane anayelipa kodi kubwa hunywa kilekile anachohofia kukiona Kangemi. Maji yakikauka, mwenye jengo huita lori la maji, na lori halina maandishi yanayosema lilijazwa kisima gani, wala pipa lake liliwahi kubeba nini. Kisima kirefu nacho kisichukuliwe kuwa salama kwa sababu tu maji yake ni meupe na baridi. Kama mdomo wake haukuzibwa vizuri, maji machafu ya juu ya ardhi huteremkia humo.

Ushauri wangu, basi, ni kuyatibu maji hatua ya mwisho, nyumbani, muda mfupi kabla ya kunywewa. Usitegemee neno la mtu yeyote aliyeyashika kabla yako.

Njia ninayoiamini kuliko zote ni kuchemsha. Nairobi iko juu, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na ukielekea Dagoretti, Uthiru na Kikuyu unazidi kupanda, kwa hiyo maji ya huku hutokota yakiwa na joto la nyuzi 94 hivi, si 100 kama ya Mombasa. Bado yanatosha, mradi usizime jiko pale mapovu ya kwanza yanapoonekana. Acha sufuria itokote kwa nguvu, kisha hesabu dakika tatu. Yapoe ndani ya sufuria hiyo hiyo ikiwa imefunikwa. Najua gesi na makaa ni pesa, na kuna nyumba ambayo kuchemsha maji ya wote kila siku ni kukosa mboga. Hapo chagua: ya kunywa tu, wala si ya kupikia, kwani chakula kitachemka chenyewe, na kama hayatoshi wote, ya mama mjamzito yatangulie. Chai na uji vilivyotokota sawasawa ni kinywaji salama, na hilo ni faraja kwa mji unaopenda chai kama wetu.

Dawa ya maji, kama WaterGuard, ni ya bei nafuu na husaidia sana, ila ina masharti ambayo watu huyaruka. Maji yawe meupe. Yakiwa na tope, yaache yatulie, yachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa, ndipo utie dawa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Kisha subiri nusu saa kamili. Mtu anayetia dawa na kuchota kikombe papo hapo ameonja klorini tu. Kwa mjamzito, ukiweza, chemsha hata kama umeshatia dawa.

Kuhusu vichujio, nitasema wazi kwa sababu vinauzwa kwa bei kubwa na maneno mengi. Chujio la mkaa linalofungwa kwenye mfereji wa jikoni hupunguza harufu na ladha, lakini halizuii virusi. Chujio la udongo huzuia bakteria vizuri. Lakini virusi ni vidogo mno kwake, basi usilitegemee peke yake. Mashine ya miale huua virusi kama maji ni maangavu, umeme upo, na taa yake hubadilishwa kwa wakati. Kuyagandisha maji hakuui kitu. Zile chupa kubwa za lita 20 zinazojazwa upya dukani ni salama kwa kiwango cha usafi wa duka hilo na wa chupa yenyewe, basi muulize mwenye duka anaioshaje kabla hajakujazia.

Kuna jambo lililogunduliwa Kitgum ambalo kila nyumba ya Nairobi inapaswa kulijua. Watafiti waliowalinganisha wagonjwa na majirani wao wazima waliona kwamba waliougua walikuwa mara nyingi zaidi wakihifadhi maji ya kunywa kwenye vyombo vyenye mdomo mpana, na wakinawa mikono pamoja katika beseni moja. Yaani maji yanaweza kufika nyumbani yakiwa safi yakachafukia ndani. Ndoo inayochovywa kikombe, na kikombe hicho kikashikwa na kila mkono, hufuta kazi yote ya jiko. Weka maji yaliyochemshwa kwenye mtungi wenye mdomo mwembamba, au ndoo yenye kifuniko na mfereji chini. Na beseni lile la kunawia tunalolizungusha kwa wageni kabla ya chakula, kwenye harambee, kwenye matanga, liachwe. Mtu mmoja amimine maji kwa birika na mwingine anawe, maji yakianguka chini. Mkono wa kumi ukichovya ndani ya maji yale yale hutoka na uchafu wa mikono tisa.

Sabuni na maji yanayotiririka ndiyo dawa ya mikono, baada ya choo, baada ya kumbadilisha mtoto nepi, na kabla ya kushika chakula. Sanitaiza ya mfukoni isichukue nafasi yake, kwa sababu virusi vya aina hii huvumilia spiriti kuliko vile vya korona. Kwenye ploti zenye choo kimoja cha watu wengi, kibuyu chirizi kilichoning'inizwa mlangoni na kipande cha sabuni kwenye kamba kinaweza kuwekwa na wapangaji wenyewe bila kumsubiri mwenye ploti.

Tuje katikati ya jiji, ambako watu wengi hula wakiwa wamesimama. Kwenye Tom Mboya, River Road, Accra Road na Muthurwa, yai la kuchemsha na smoki iliyotoka motoni hazina neno. Linalonitia wasiwasi ni kachumbari inayojazwa ndani yake. Nyanya, vitunguu na dania havijapita motoni, na vilisuuzwa kwa maji ambayo huenda yalibebwa kwenye ndoo kutoka mbali asubuhi na yakatumika hadi jioni. Ndimu na pilipili haziui virusi. Mjamzito aombe smoki yake bila kachumbari, na asione haya kuomba. Maji ya jagi mezani kwenye vibanda, juisi ya miwa iliyotiwa barafu, tikitimaji lililokatwa na kufunikwa karatasi, yote haya ningemwambia dada yangu mwenye mimba ayaache hadi ajifungue, na badala yake ale ndizi anayoimenya mwenyewe na chai ya moto. Barafu ya mkahawa wa Westlands haina heshima zaidi kuliko ya Muthurwa kama ilitoka kwenye maji yale yale ya tangi. Siwalaumu wachuuzi. Wanalisha jiji hili kwa bei ambayo watu wanaiweza, na jiji haliwapi mfereji wala choo cha karibu kisicho cha kulipia. Mchuuzi akiweza mtungi wenye mfereji wa kunawia, na ndoo mbili za kuoshea vikombe, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia inayobadilishwa mara kwa mara, wateja wamuunge mkono kwa kurudi kwake.

Sukuma wiki, terere na nduma zinazolimwa kandokando ya mito ya magharibi mwa jiji hazina tatizo zikipikwa, hata kama mto wenyewe ni mchafu. Saladi ya majani mabichi kutoka mashamba hayo ndiyo ya kuepuka.

Na nyama ya nguruwe. Kuna aina za virusi hivi, tofauti na zile za milipuko ya kambini, zinazoishi kwa nguruwe na kumpata binadamu anayekula nyama au maini yasiyoiva. Kule Ulaya, maambukizi mengi hutokana na nyama hiyo. Sehemu za Kangemi, Uthiru na Kikuyu watu wanaipenda nyama hii ya kuchoma, na machinjio ya Ndumbuini yako papo hapo. Iliwe, lakini iive hadi ndani, pasibaki wekundu karibu na mfupa, na ubao uliokatiwa nyama mbichi usikatiwe kachumbari.

Sasa tuseme umeugua. Dalili za mwanzo ni homa ndogo, kichefuchefu, kutapika, kukosa hamu ya kula, na maumivu chini ya mbavu za kulia. Hapa Nairobi mtu mwenye dalili hizo akiingia kliniki ya mtaani hupimwa taifodi na amiba, majibu yakatoka kwamba anazo, akapewa antibiotiki za wiki mbili. Hazigusi virusi hata kidogo, na baadhi yake hulitwika ini lililochoka mzigo mwingine. Tazama mkojo wako. Ukiwa mweusi kama strungi huku umekunywa maji ya kutosha, au choo kikiwa na rangi ya jivu, au mwili ukiwasha bila vipele, mwambie daktari kwa maneno hayo hayo na uombe ini lipimwe. Kipimo cha damu cha E chenyewe hakiko kila maabara, na wengi hupima A, B na C wakaishia hapo. Zikitoka zote safi na macho bado ni ya njano, uliza kuhusu E.

Usipoteze muda kumlaumu aliyekupikia jana. Virusi hivi hukaa mwilini wiki mbili hadi kumi kabla ya kuonyesha dalili, mara nyingi tano au sita, kwa hiyo la kujiuliza ni maji gani uliyokunywa zaidi ya mwezi uliopita. Maana yake pia ni kwamba ploti ikipata mgonjwa wa kwanza, huenda wengine wameshaambukizwa na bado wanatembea wazima.

Hakuna dawa maalumu ya kuuponya kwa mtu wa kawaida. Apumzike, anywe maji mengi salama, ale anachoweza. Pombe aiache kabisa hadi daktari amruhusu. Panadol asimeze kiholela, kwa sababu ini ndilo linaloisaga, na dawa za miti shamba za kusafisha ini aziache hata zikiletwa na mtu anayempenda. Asipikie wengine wiki mbili tangu macho yageuke njano, na kama choo ni cha pamoja, kioshwe kwa jiki kila siku. Akianza kuchanganyikiwa, kulala mno mchana, kutokwa damu puani au kwenye ufizi, au kutapika bila kukoma, hapo ni hospitali mara moja, hata kama ni mwanamume mwenye nguvu zake.

Kwa mjamzito nimeshasema, naongeza moja tu. Apelekwe penye daktari wa wajawazito, maabara na damu ya kuongezewa, kama Hospitali ya Kenyatta, si zahanati ndogo ambayo itamlaza usiku mzima kisha imhamishe. Jisajili mapema na SHA, bima ya afya ya serikali, weka nauli ya usiku kando, na mume au jirani ajue mapema ni hospitali gani.

Watu wawili wakigeuka macho ya njano kwenye ploti moja au ghorofa moja ndani ya miezi miwili, hilo si bahati mbaya ya familia. Mwambieni mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wenu, ambaye atamfikia afisa wa afya ya umma wa kaunti, na mumtake mwenye nyumba afungue tangi, alioshe, litiwe klorini, na mabomba yanayopita mtaroni yahamishwe. Andikeni tarehe za waliougua na mlikokuwa mkipata maji wakati huo, kwani maswali hayo ndiyo ya kwanza mtakayoulizwa.

Chanjo ya E ipo. Inaitwa Hecolin, ilitengenezwa China, na mwaka 2022 ilitumika kwa mara ya kwanza kukabiliana na mlipuko, kambini Bentiu, Sudan Kusini, ambako hata wajawazito walipewa. Hapa Kenya chanjo hiyo haimo kwenye ratiba ya chanjo za kawaida, na ningependa kuona Wizara ya Afya ikiijadili waziwazi kabla mlipuko haujatulazimisha. Kwa leo, ukiambiwa kwenye kliniki yoyote kwamba unauziwa chanjo ya homa ya ini, uliza ni ya aina gani kabla ya kutoa pesa, na ukirudi nyumbani uteleke sufuria ya maji ya kunywa.